Na Waseme Waliokombolewa
Zaburi 107:1-3

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Mstari wa pili wa zaburi hii umekaa nami wiki nzima: "Na waseme hivi waliokombolewa na BWANA." Hausemi wasemewe. Unasema waseme.

Umenirudisha kwenye gazeti dogo la Kiswahili lililoanza kuchapwa Zanzibar mwaka 1888, katika chuo cha Kiungani cha UMCA, misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza. Liliitwa Msimulizi. Wengi waliosoma Kiungani walikuwa wameokolewa kwenye majahazi ya watumwa: watoto waliotekwa bara, wakatenganishwa na mama zao, wakapoteza hata lugha ya kwao. Misheni ilikuwa na mitambo ya kuchapa, na baadhi ya vijana hao walifundishwa kazi hiyo, kupanga herufi za madini ya risasi moja moja kwa mkono. Hebu mfikirieni kijana aliyewahi kutiwa bei, sasa anaokota herufi na kuunda jina la mtu.

Habari za gazeti zilitoka kwenye vituo vya misheni: Magila, Masasi, Newala, hadi kisiwa cha Likoma katika Ziwa Nyasa. Waliosoma pamoja wakatawanywa kufundisha waliendelea kujuliana hali kwa karatasi hizo. Zaburi inasema Bwana aliwakusanya kutoka nchi zote, mashariki na magharibi. Mimi naona kurasa zile zilikuwa sehemu ya kukusanya huko.

Tusifunike ukweli mwingine. Mitambo ilikuwa ya misheni, na misheni iliongozwa na Wazungu. Mwaka uleule wa 1888 Abushiri, kiongozi wa watu wa pwani waliopinga utawala wa Wajerumani, alikuwa akipigana nao pwani ya bara, na mwaka 1890 Zanzibar yenyewe ikawekwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Vijana wale waliandika wakiwa ndani ya nyumba ya mwingine. Hata hivyo waliandika, tena kwa Kiswahili, wakisomwa na wenzao.

Katika ushirika wetu kuna mama anayefagia kanisa kila Jumamosi. Miaka yote hii nimemsikia akitajwa kwenye shukrani, "tunamshukuru mama yetu," kisha tunaendelea na ratiba. Hajawahi kupewa nafasi ya ushuhuda, na mimi ni mmoja wa wanaopanga ratiba hiyo. Nimemwomba Mungu anisamehe. Jumamosi hii nitakwenda mapema, nishike ufagio wa pili, nimuulize alikotoka.