GMAT: alama za majaribio zilipanda na kushuka, nikatafuta ipi ya kuamini

Najiandaa na GMAT, mtihani wa kuombea nafasi shule za biashara, hapa Bukavu, na tatizo langu lilikuwa moja: leo jaribio linasema niko tayari, wiki ijayo linanishusha. Ungelipia mtihani kwa alama gani hapo?

Kwanza nilitenga majaribio rasmi mawili ya bure na yale ya programu za simu. Ya simu nayatumia kwa mazoezi tu, si kwa kupimia. Rasmi hubadilisha ugumu kulingana na unavyojibu, na ukilirudia, baadhi ya maswali unayakuta tena, kwa hiyo alama ya mara ya pili huvimba. Moja nikalihifadhi, sikuligusa.

Pili, masharti yawe kama ya mtihani wenyewe. Sehemu tatu, dakika 45 kila moja, mapumziko ya dakika 10 tu, kikokotoo kwenye sehemu ya data peke yake. Umeme wa Ibanda, hapa Bukavu, unajulikana kwa kukatika, basi nilimwomba yaya (mkubwa wangu) nikae ofisini kwake Jumamosi, kwenye jenereta.

Kilichonisaidia zaidi ni daftari. Wakati wa jaribio, kando ya namba ya swali naandika J (najua), B (nimebahatisha) au H (haraka, saa inanikimbiza). B zilizotoka sahihi nazihesabu kama makosa. Hesabu hiyo ndiyo ilifichua siri: sehemu ya hesabu ilijaa H mwishoni, kumbe alama ilitegemea bahati ya maswali matano ya mwisho.

Nikafanyia kazi mwendo. H zilipopungua, nikafungua jaribio lililobaki.