Masteringi sita, picha moja, na hakuna aliyekaa benchi

Nianze na msimamo wangu kabisa ili tusizungushane: The Avengers ya 2012 ndio muvi kali kuliko zote za masupahiro kuungana, na hizo zilizokuja baadaye zenye watu kibao nazipenda sana tu lakini hakuna iliyonishika kama hii, nikiirudia leo bado nacheka palepale na vinyweleo bado vinasimama palepale.

Hebu angalia ugumu wa kazi yenyewe. Muvi ya kawaida ina steringi mmoja, kamera inamfuata yeye, wengine wote wanamsindikiza. Hapa mwongozaji Joss Whedon kapewa masteringi sita na wanne kati yao tayari walikuwa na muvi zao, Iron Man na The Incredible Hulk za 2008, Iron Man 2 ya 2010, halafu Thor na Captain America za 2011, yaani kila mtu kazoea kuwa bosi kwao. Mmoja ni Thor, mungu wa Asgard na nyundo yake, mwingine ni Captain America (Cap), mwanajeshi wa Vita Kuu ya Pili aliyetolewa kwenye barafu, mwingine Tony Stark, yaani Iron Man, tajiri mwenye mdomo, mwingine Bruce Banner, mwanasayansi ambaye akikasirika anageuka jitu la kijani, Hulk, na hao wawili waliobaki, Black Widow na Hawkeye, ni binadamu tu kama wewe na mimi, mmoja ana bastola mwingine ana upinde. Upinde jamani! Mbele ya jeshi linaloshuka kutoka angani! Kwa hesabu ya kawaida ilitakiwa iwe vurugu tupu, wanne wanang'aa na wawili wanashika makoti.

Haikuwa hivyo, na mimi nadhani sababu kubwa ni kwamba Whedon hakuwa na haraka ya kuwapatanisha. Amewaacha wagombane, tena wagombane vizuri, kwa mambo ya maana, halafu kila neno lililorushwa kwenye ule ugomvi linakuja kulipwa kwenye vita ya mwisho. Watu wakiongelea hii muvi wanaongelea maghorofa yanavyodondoka New York, mimi nakwambia rudi uangalie zile sini za ndani ya ile meli inayopaa ya S.H.I.E.L.D., lile shirika la siri lililowakusanya, ndio injini ya muvi nzima.

Mfano Stark na Banner. Wanakutana maabara, wote ni vichwa, na wakati kila mtu kwenye meli anamzunguka Banner kwa tahadhari kama vile ni bomu, Stark anamsogelea anamchoma ubavuni na kile kidude cha umeme eti aone kama atageuka. Cap anakasirika kwelikweli, na ana haki, kuna watu wengi humo ndani. Ila ukimwangalia Banner usoni pale, Mark Ruffalo anatabasamu kidogo hivi, katabasamu ka mtu ambaye hajataniwa siku nyingi sana. Muda mfupi baadaye Stark anamweleza kuhusu vile vipande vya chuma vinavyotaka kuingia moyoni mwake na ile taa ya kifuani inayovizuia, na anamwambia kwamba ile mionzi ya gama ilitakiwa imuue, kwa hiyo huyo Hulk anayemchukia ndiye aliyemwokoa. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwambia Banner kitu kama hicho. Wote wanamuona mgonjwa au silaha, Stark peke yake anamuona mtu mwenye bahati.

Sasa shika hilo halafu nenda kwenye vita. Jeshi la Loki, yule adui wa muvi, limeshamwagika mjini kupitia tundu lililofunguka angani, hali mbaya, Stark yuko hewani anapigana na katikati ya yote hayo anauliza kwenye redio, Banner ameshafika? Cap hata haelewi anaulizwa nini, maana mara ya mwisho Hulk kavunja meli nusu kisha akadondoka kutoka mawinguni. Stark anasema we nijulishe tu. Na kweli, Banner huyo anakuja na kipikipiki kichakavu, nguo zinampwaya, anaangalia uharibifu anasema mambo yanaonekana mabaya sana, Widow anamjibu ameshaona mabaya zaidi (anamsema yeye, Hulk alimkimbiza kwenye ile meli nusura amuue), Banner anaomba radhi, na Widow anamwambia hapana, sasa hivi hayo mabaya zaidi ndiyo tunayoyahitaji. Mimi hapo huwa namaliza kabisa. Maneno manne matano tu na msamaha umeshatolewa, hofu imekwisha, mtu amepewa kazi. Kisha anatembea kuelekea lile dude kubwa la chuma linaloogelea hewani, anawaambia siri yake ni kwamba muda wote ana hasira, anageuka huku anatembea, ngumi moja, dude lote linajikunja. Na mwishoni Stark anapodondoka kutoka kule juu suti imezima, nani anamdaka? Hulk. Wala si bahati, ni deni la pale maabara.

Au ule ugomvi wa Cap na Stark, huo nao ni moto. Cap anamchana kwamba ukivua hiyo suti ya chuma unabaki nini, na kwamba wewe si mtu wa kulala juu ya waya wa miba ili mwenzake apite mgongoni kwake. Stark anamjibu kwa kiburi kwamba yeye angeukata huo waya. Jibu zuri, la mtu mjanja. Halafu wakubwa wa S.H.I.E.L.D. wanarusha kombora la nyuklia kwenda Manhattan, na pale hakuna cha kukata, hakuna ujanja, kuna kubeba tu. Stark anaibeba bomu mgongoni anapita nayo kwenye lile tundu la angani, anajaribu kumpigia mpenzi wake Pepper, na Pepper hapokei kwa sababu macho yote yako kwenye tivii anaangalia habari za yeye huyohuyo Stark! Nani aliandika hiyo, apewe maua yake.

Kwenye vita yenyewe kipande ninachokipenda kuliko vyote si kipigo, ni Cap anapogawa kazi. Kamera imeshawazunguka wote sita wamepeana migongo, muziki wa Alan Silvestri umepanda, na sasa Cap anatoa maelekezo kama mtu aliyezaliwa kwa ajili hiyo: Hawkeye panda juu ya paa uwe macho yetu, Stark wewe ni mipaka, chochote kikitoka mtaa wa tatu kirudishe au kichome, Thor kaziba lile tundu kwa radi, mimi na Widow tunabaki chini hapahapa. Anamgeukia Hulk. Hulk, wewe vunja. Na jitu linatabasamu! Hapo ndipo unapoona kwamba hakuna aliyepewa kazi ya mwenzake, Thor hawezi kuwa macho ya timu, Hulk hawezi kulinda mipaka, na Cap ambaye kwa nguvu hafui dafu kwa hao wawili ndiye kashika usukani na hakuna anayebisha. Kabla ya hapo kuna sini fupi ya Cap na polisi, anawaambia waingie kwenye majengo wawatoe raia kwa njia za chini, polisi mmoja anamuuliza kwa nini nikusikilize wewe, wanavamiwa, Cap anawamaliza wale wavamizi kwa sekunde chache, na polisi anageuka anaanza kurudia yale maelekezo neno kwa neno. Nimecheka sana ila ina uzito, maana inaonyesha wanachopigania ni watu wa mle mtaani.

Halafu ndio ile shoti ndefu. Inaanza na Widow juu ya kile chombo cha adui, inahamia kwa Iron Man, inashuka naye mpaka kwa Cap, mionzi inagonga ngao inawafyeka maadui, inapanda na ukuta wa ghorofa mpaka kwa Hawkeye, mshale unaondoka, inaenda mpaka kwa Hulk na Thor wako juu ya mgongo wa dude wanapigana bega kwa bega, dude linaangukia ndani ya Grand Central. Hakuna kukata. Wote sita kwenye pumzi moja. Vumbi linatulia, Hulk na Thor wamesimama pamoja kishujaa, na Hulk anamtandika Thor ngumi ya pembeni anapotea kwenye picha. Lile deni la ugomvi wao kwenye meli nalo limelipwa!

Kwa Hulk lazima nisimame kidogo. Ruffalo ndiye wa kwanza kumcheza Banner na jitu lenyewe pia, walinasa mwendo na sura yake kisha watu wa ILM, kampuni ya kutengeneza picha za kompyuta, wakamjengea mwili kwenye kompyuta, ndio maana ukiangalia yale macho unamuona mtu yuleyule. Na kwenye sauti ya Hulk yumo Lou Ferrigno, yule aliyekuwa Hulk wa kwenye tivii miaka ya 1970. Heshima kama hiyo kwa waliotangulia inanifurahisha mno. Hata kumchagua Loki kuwa adui ni heshima, kwa sababu kwenye kitabu cha katuni cha kwanza kabisa cha Avengers, cha Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1963, hila za Loki ndizo zilizowakutanisha.

Yapo mapungufu. Mwanzo unasuasua, lile jeshi la Loki, Chitauri, halina sura wala sababu, na wanavyodondoka wote kwa pamoja meli yao ikilipuka ni njia rahisi mno. Jeremy Renner, yaani Hawkeye, pia alistahili muda zaidi akiwa na akili zake, nusu ya muvi Loki kamshika kichwa. Sawa. Ila akishapanda kwenye lile paa anarusha mshale bila hata kuangalia upande anaorushia, na namsamehe kila mtu.

Kama una mtu hajaiona na unataka kumuonyesha, usimchoshe na zote tano za nyuma. Mpe Iron Man ya kwanza, Thor, na Captain America, zinatosha kabisa, Banner muvi hii inamtambulisha upya yenyewe vizuri tu. Mkatalie asiinuke majina yakianza kupita, maana mwisho kabisa kuna ile sini ya wote sita wanakula shawarma bila kusema neno, wakaipiga baada ya muvi kuwa imeshazinduliwa Hollywood, na Chris Evans, yaani Cap, kaziba uso kwa mkono kwa sababu tayari alikuwa na ndevu za muvi nyingine. Na mkifika pale maabara mwambie aweke simu chini, amwangalie Ruffalo.