Tumeandika wosia, na bado tuko wazima
Mimi na baba watoto tumeandika wosia. Mama mkwe aliposikia, akatuuliza hapa Kadutu, mjini Bukavu: “Kwani munaenda wapi?” Hatuendi popote, Mama!

Avoka, yaani wakili, alitueleza kwamba Sheria ya Familia ya 1987 ya hapa Kongo (RDC) inakubali wosia wa mkono: mwenyewe auandike wote kwa kalamu, aweke tarehe na sahihi. Ukiupiga kwenye kompyuta na kutia sahihi tu, huo si wa mkono tena. Bila wosia, watoto wanachukua robo tatu, hata wa nje ya ndoa waliotambuliwa. Robo inayobaki inagawanywa kati ya mjane, wazazi na ndugu za marehemu. Ndugu za marehemu, munawajua.

Wosia ulikuwa mwepesi. Kilichotuchosha ni parseli, kiwanja chetu: tulikuwa na karatasi ya mauzo yenye muhuri wa shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa, kumbe sheria ya ardhi ya 1973 inataka sertifika ya kuandikishwa, yaani hati ya serikali ya kiwanja. Nenda, rudi, kesho, lipa.

Dada zangu wa ndoa ya mila, ng'ombe za mahari hazitoshi mbele ya sheria. Muandikishe ndoa kwa etasivili, ofisi ya kuandikisha ndoa na vizazi, pale komini.

Sasa shemeji zangu wananiuliza bei ya avoka.