Pua juu ya mazuku

Wapendwa, Yesu asifiwe.

Sisi wa Goma tunajua mazuku hata kama hatukusoma kemia. Ni hewa ya ukaa (kaboni dioksidi) inayotoka ardhini kwenye mawe ya volkano. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, basi inajikusanya mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri, kabla jua na upepo havijaitawanya. Haina rangi wala harufu. Mbuzi anaingia, analala, haamki. Mtu mzima anapita palepale akiimba, maana pua yake iko juu kidogo.

Mwimbaji huyo nilikuwa mimi. Njia yangu ya kuteka maji, upande wa kuelekea Sake, inakatiza kibonde kimoja. Mama jirani alizoea kuniambia, "Papa, zunguka." Namjibu, "Mama, hapa nimepita miaka." Alfajiri moja kifuniko cha bidoni kikaanguka, nikainama kukiokota. Kifua kikabana, magoti yakalegea, nikasikia sauti yake: "Papa, simama! Simama!"

Nilichokuwa nakiita uzoefu kilikuwa urefu wangu tu.

Tangu siku ile nasoma Yoshua 7 kwa macho mengine. Israeli wametoka Yeriko, kuta zimeanguka bila wao kuzigusa. Wapelelezi wanarudi kutoka mji wa Ai, wanamwambia Yoshua: usiwasumbue watu wote, elfu mbili au tatu wanatosha, wale ni wachache. Wakaenda kama elfu tatu, wakakimbia, watu kama 36 wakauawa. Najua, mtaniambia dhambi ilikuwa ya Akani, yule aliyeiba vitu vilivyowekwa wakfu kule Yeriko. Ni kweli. Lakini angalieni kabla ya vita: hatusomi kwamba kuna mtu aliyemuuliza Mungu. Kama wangeuliza, si wangeambiwa habari za Akani mapema? Ushindi wa juzi uliwafanya wahesabu maadui na kusahau kujikagua wenyewe. Ni baada ya kushindwa ndipo Yoshua alipoanguka kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana mpaka jioni, na wazee pamoja naye. Na katika sura ya 8, kwa mji uleule mdogo, Mungu anamwambia achukue watu wote wa vita.

Juma hili kila mmoja aangalie ni wapi amezoea kujibu "nimepita hapa miaka." Pengine ni biashara, pengine ni uimbaji kanisani, pengine ni ndoa.

Leo asubuhi nilizunguka na bidoni yangu. Mama akacheka: "Papa, siku hizi unaogopa?"

Nikamwambia, "Ndiyo, Mama."