Kitambaa cha Mama na Nguzo za Mtarakwa

Kwa karibu miaka miwili sebule yetu ilikuwa na pande mbili zisizosalimiana. Upande wa dirishani yalikaa makochi manne ya mbao, kila moja likiwa na kitambaa cheupe cha kufumwa kwa mkono mgongoni na vingine viwili mikononi, na stuli nazo zikiwa zimefunikwa vivyo hivyo. Upande wa jikoni, bila ukuta wowote katikati, ilikaa meza ndefu ya kulia ambayo fundi aliipasua kutoka katika nguzo za ua wa shamba kuukuu, ikiwa bado na matundu ya misumari na michirizi ya kijivu iliyoachwa na mvua. Aliyeingia kwa mlango wa mbele alidhani amefika kwa bibi mmoja wa Kimaragoli; aliyeingia kwa mlango wa nyuma alidhani amefika katika ghala la mlowezi wa Kizungu. Mimi nilizipenda pande zote mbili, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Tunaishi upande wa Njoro, nje kidogo ya Nakuru, ambako baridi ya jioni humfanya kila mtu atafute mahali pa joto, kwa hiyo mtindo wa nyumba ya shamba hatuhitaji kuuagiza kutoka popote. Walowezi waliomiminika katika Bonde la Ufa baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901 walijenga kwa mti uliokuwa karibu, na katika miinuko ya Mau mti huo ulikuwa mtarakwa, ambao vitabu huuita mwerezi. Moyo wake una wekundu wa udongo, mchwa hawaupendi, na harufu yake ni ya penseli iliyochongwa sasa hivi, jambo lisilo la ajabu kwa kuwa mti huo uliwahi kuvunwa kwa ajili ya kutengenezea penseli. Nguzo iliyochimbiwa kabla babu yangu hajaoa yaweza kung'olewa leo, ikapitishwa msumenoni, na ndani ikatokea nyekundu kana kwamba ilikatwa juma lililopita. Urembo wa mtindo huu ulitokana na kazi: mbao zilikuwa nene kwa sababu zilibeba mizigo, birika lilikuwa la enameli kwa sababu halivunjiki likianguka, kandili ilitundikwa kwa sababu stima haikuwepo.

Mtindo wa pili nilizaliwa ndani yake. Sebule ya mama yangu kule Vihiga ni ile ambayo msomaji wa magharibi ya Kenya ataitambua hata akiwa amefumba macho: makochi yaliyozunguka kuta zote, kabati la vioo lenye vikombe vinavyomsubiri mchungaji peke yake, kalenda za miaka iliyopita ambazo hakuna anayethubutu kuziondoa, na picha za ukoo zilizotundikwa karibu na dari zikiwa zimeinamia mbele kama zinazosikiliza mazungumzo. Juu ya hayo yote, vitambaa. Wengi huvidharau wakidhani ni pambo tupu, ilhali asili yake nayo ni kazi. Katika Uingereza ya karne ya 19 wanaume walijipaka nywele mafuta yaliyoitwa Macassar, mafuta hayo yakawa yanachafua migongo ya viti, na wenye nyumba wakaanza kuweka juu yake vitambaa vinavyoweza kufuliwa. Wamisionari waliokuja kwetu, wakiwamo Wakweka, yaani wa kanisa la Marafiki, walioanzisha kituo cha Kaimosi mwaka 1902, walifika pamoja na desturi zao za nyumbani, na kadiri miaka ilivyosonga kitambaa kikawa chetu kabisa, hata leo ukimwambia mwanamke wa Vihiga kwamba kilitokana na nywele za Waingereza atakucheka.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutafuta upatanisho ndani ya mkebe wa rangi. Nilikuwa nimesoma kuhusu mtindo uitwao shabby chic, uliopewa umaarufu na Rachel Ashwell, Mwingereza aliyefungua duka lake huko Santa Monica, Marekani, mwaka 1989, ambao hupenda samani kuukuu zenye rangi nyeupe iliyochakaa kingoni. Nikajiambia kwamba nikipaka kila kitu rangi moja, pande mbili zitakuwa ndugu. Mama alikuwa amenipa kabati lake la zamani la mvule aliponunua jipya. Nikalipaka rangi nyeupe ya mafuta, kisha nikachukua msasa na kusugua pembe zake ili zionekane zimechakaa. Mama alipokuja kututembelea alisimama mbele ya kabati lile bila hata kuweka mkoba chini, akapitisha kidole kwenye pembe moja, akauliza, "Mwanangu, kabati hili lilikukosea nini?"

Nililibandua rangi kwa wikendi nne. Kabati lilikuwa na uchakavu wake wa kweli, ule wa mikono iliyofungua mlango uleule kwa miaka thelathini, nami nilikuwa nimeufunika ili nitengeneze uchakavu wa uongo. (Anayetaka kubandua rangi ya zamani sana, hasa iliyopakwa na watu asiowajua, asiisugue ikiwa kavu, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, zaidi kwa watoto, ni afadhali ailowanishe, avae barakoa, na afanyie kazi hiyo nje.)

Baada ya hapo niliacha kupaka, nikaanza kutazama, na nikagundua kwamba kilichokuwa kikigombana hakikuwa vitambaa na nguzo. Kilichogombana kilikuwa mng'ao wa mbao. Makochi yalikuwa yamepigwa vanishi ya kung'aa kama sukari iliyoyeyuka, ilhali meza ilikuwa kavu na butu, kwa hiyo jicho liliona mbao za nyumba mbili tofauti. Fundi alinisaidia kuondoa vanishi, kisha makochi, kabati na meza vyote tukavisugua kwa mchanganyiko mmoja wa nta ya nyuki na mafuta ya mbegu za kitani, fungu moja la nta kwa mafungu matatu ya mafuta, ulioyeyushwa ndani ya mkebe uliowekwa katika sufuria ya maji ya moto, wala si juu ya moto wenyewe. Matambara tuliyotumia tuliyaanika nje yakiwa yamekunjuliwa, maana mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na matambara yaliyofinyangwa pamoja yaweza kuwaka moto yenyewe. Mvule ulibaki na rangi ya asali iliyoiva, mtarakwa ukabaki mwekundu, lakini zote sasa zilipokea nuru kwa namna moja.

Vitambaa vilikuwa ishirini na viwili. Nilibakiza tisa. Huu ndio uamuzi ambao ndugu zangu hawajanisamehe, ila nauona kuwa wa lazima, kwa sababu katika chumba kimoja mtindo mmoja hauna budi kuwa mwenyeji na mwingine kuwa mgeni. Ukiwapa wote wawili viti vya mbele, hakuna atakayehudumia chai. Upande wa makochi vitambaa ni wenyeji, na shamba limepewa stuli moja ya mtarakwa na kandili. Upande wa meza shamba ndilo mwenyeji, na kitambaa ni kimoja tu, chini ya bakuli la matunda. Kabati la mama nimelisimamisha mpakani: vikombe vya mchungaji viko nyuma ya vioo, na juu yake limekaa birika la enameli la rangi ya samawati lenye ukingo uliobanduka, ambalo nililipata katika soko la Kibuye, Kisumu, chini ya rundo la sufuria.

Hata hivyo, tisa hao walikuwa weupe mno kwa mbao zile, weupe wa sare ya shule siku ya kufungua muhula. Dawa yake niliipata jikoni. Nilichemsha lita tatu za maji na vijiko sita vya majani ya chai, nikachuja hadi lisibaki jani hata moja, nikaacha yapoe yawe vuguvugu, kisha nikavitumbukiza vitambaa vilivyokwisha kuloweshwa kwa maji safi na kukamuliwa. Baada ya dakika ishirini nilivitoa vikiwa na rangi ya kutisha, karibu na ya kahawa, lakini baada ya kusuuzwa na kuanikwa kivulini vilikauka vikawa na rangi ya maziwa ya jana. Kimoja, ambacho kwa haraka yangu nilikitia kikiwa kikavu, kilitoka na madoadoa kama chui. Kipo chumbani, chini ya saa. Viwili vilikataa kabisa kubadilika, nami ndipo nilipojua kwamba Mama alikuwa ameishiwa uzi wa pamba na kumalizia kwa uzi wa kiwandani, ambao haunywi chai. Hivyo tisa wakawa saba, nikimhesabu na yule chui.

Sakafuni tumetandika mkeka wa mafunjo kutoka Dunga, ufukoni mwa ziwa kule Kisumu, ambao rangi yake ya nyasi kavu inakubaliana na kila mtu. Mapazia ni ya mitumba. Balbu ndizo zilizonishangaza: zile nyeupe zenye kipimo cha rangi ya mwanga cha kelvini 6500, ambazo maduka mengi hukupa usipouliza, zilifanya nta ionekane kama uchafu na chai ionekane kama chai iliyomwagika; nilipoweka za kelvini 2700, zenye mwanga wa manjano, chumba kilitulia usiku uleule, kwa gharama ndogo kuliko ya mkebe mmoja wa ile rangi nyeupe.

Picha za ukoo nimezishusha hadi usawa wa macho. Mama hakupendezwa, akasema kwamba sasa babu anatazama tumbo la mgeni. Vumbi nalo halijaniacha, kwani jina lenyewe la Nakuru husemwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai la mahali penye vumbi, na mwezi wa Februari kitambaa cha mgongo wa kochi hufuliwa kila juma kwa sababu ileile iliyowafanya Waingereza wakibuni, isipokuwa kwetu si mafuta ya nywele.

Mwezi wa Agosti Mama alikaa nasi siku kumi. Kuhusu kabati hakusema neno, ila kila asubuhi nilimkuta amelifungua na kulifunga. Siku ya kuondoka aliuliza kama fundi alibakiza vipande vya zile nguzo, kwa kuwa rafu anayowekea mtungi wa maji kule Vihiga imeliwa na mchwa kwa mara ya tatu. Nilimpa kipande cha futi nne. Alikifunga kwa kanga pande zote mbili, akakataa kitiwe kwenye buti ya matatu, akakipakata hadi nyumbani.