Fisi Kwenye Njia Panda

Wakati huo nilikuwa na kazi mbili: mchana kutunza wanyama katika kituo kimoja jijini Nairobi, na Ijumaa usiku kupanda jukwaani kuchekesha watu. Jumamosi moja asubuhi kazi hizo zilikutana mlangoni mwa banda la fisi.

Tulikuwa na fisi madoa 3: jike tuliyemwita Shosho na madume wawili. Ili ua wa nje ufagiliwe, wote lazima wahamie banda la ndani, na utaratibu wake haupunguzwi hata siku yenye haraka. Kwanza unasafisha reli ya mlango, kwa sababu kipande cha mfupa kikikwama humo mlango haufiki mwisho na pini haiingii tunduni. Kisha nyama inawekwa ndani, kilo 3 kwa kila mmoja, tena yenye mifupa. Nyama tupu ina kalsiamu kidogo mno. Unahesabu fisi kwa macho yako. Ndipo mlango unafunguliwa kwa kuvuta kebo ukiwa nje ya uzio. Wakishaingia, funga, tia kufuli, livute kwa nguvu, na mwenzako naye alivute. Hesabu tena kabla ya kukanyaga uani.

Siku hiyo mwenzangu ndiye aliyeshika kebo. Mimi nilikuwa na watoto wa shule wapatao 60, nikiwaeleza. Madume waliingia upesi. Shosho akafika kizingitini akasimama, miguu ya mbele ndani, ya nyuma nje, akinusa. Hapo hauharakishwi mlango hata kidogo. Mlango ukimgusa mgongoni mara moja tu, anaweza kuukataa kwa majuma.

Kila mtoto pale aliijua hadithi ya fisi aliyesikia harufu ya nyama kwenye njia panda, akataka kufuata njia zote mbili, akapasuka msamba. Nikanyamaza kidogo, kama jukwaani, kisha nikasema: “Haya, njia panda yenyewe ndiyo hii. Tuuombee msamba!”

Watoto 60 wakaangua kicheko kwa pamoja. Shosho akarudi nyuma kwa kishindo, mkia katikati ya miguu, hadi kona ya mwisho ya ua.

Tulingoja dakika 40. Fisi hafukuzwi kuelekea mlangoni, maana atajifunza kuuogopa mlango wenyewe. Tuliwarudisha watoto nyuma hatua 20, mwenzangu akaongeza mfupa wa paja ndani, basi. Shosho alipoingia alimkuta dume mmoja amelalia fungu lake. Kwa fisi madoa jike ndiye mwenye cheo. Dume alibanwa ukutani, akatoa ile sauti inayoitwa kicheko cha fisi. Watoto wakataka kucheka naye. Niliwaambia hiyo ni sauti ya mnyama aliyebanwa, anayefukuzwa kwenye chakula, na hana furaha yoyote. Walinyamaza wote, na kati ya yote niliyosema asubuhi ile, naamini hilo ndilo walilokwenda nalo nyumbani.

Kichekesho cha njia panda sikukiacha, ni kizuri mno. Nilikihamisha tu. Jumamosi iliyofuata nilieleza madoa, meno na kinyesi cheupe cha mla mifupa, jicho langu likiwa kwa mwenzangu. Alivuta kufuli mara mbili, akainua kidole gumba. Ndipo nikawauliza watoto kama wanamjua fisi wa njia panda.