Nauli ya mzigo ilivyokuwa ikinila faida

Nauza mikoba ya ukili (majani makavu yaliyosukwa) kwa simu, nipo Jang'ombe, Unguja mjini. Mwanzo kila picha niliandika "kutumiwa ni bure". Wateja walikuja, wallahi, lakini nilipokaa kuhesabu, mkoba wa 25,000 uliokwenda Mwanza uliniachia elfu mbili. Boda mpaka bandarini Malindi, mzigo wa boti, kijana wa kuupokea Dar es Salaam na kuufikisha stendi, kisha basi. Mimi nilikuwa nimehesabu boti peke yake!

Nikageuka, nikaweka nauli ya 8,000 kwa kila mtu. Dada mmoja wa Kikwajuni akaniandikia: "Shoga, elfu nane mpaka hapa? Si nije kwa miguu?" Alisema kweli.

Basi nikaufunga mkoba mmoja kama wa safari, na boksi lake, nikauulizia bei bandarini. Kumbe ukili ni mwepesi. Kilichokuwa kikinilipisha ni ukubwa wa boksi. Siku hizi naulaza mkoba mmoja ndani ya mwengine, mitatu inaingia kiroba kimoja.

Nauli ya mjini nimeitia ndani ya bei ya mkoba, siiandiki tena mbali. Ya Pemba naandika mpaka bandari ya Mkoani tu. Walioko Wete na Konde tunaelewana pembeni. Wa bara hulipa nauli kabla sijafunga mzigo, nami namtumia picha ya risiti. Akichukua mitatu, nauli ni ile ile ya mmoja. Wengi huchukua mitatu.